Jina la Pili kwenye Kompyuta ya Baba

Wiki iliyopita, ofisini kwetu Bugolobi, Kampala, nilikabidhiwa kompyuta ya mwenzetu aliyeacha kazi. Nikaiwasha, na kabla sijaketi vizuri jina lake likanitokea pale kwenye skrini, langu likiwa chini yake. Dada anayeshughulikia mitambo akaja, akabonyeza mara nne, jina likaondoka. Hata dakika haikuisha. Akaniuliza kwa upole kama nina shida nyingine, nami badala ya kushukuru nikamjibu ovyo, nikatoka kusimama uani na hasira zangu. Hazikuwa zake, masikini. Zilikuwa za zamani, za siku nane nilizozimaliza mbio Kisenyi nzima nikiwa na miaka kumi, kwa jambo hilo hilo alilolimaliza yeye akitafuna karanga.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka kompyuta za wakati ule. Kioo chenye kisogo kikubwa, sanduku la chuma chini ya meza, feni inayonguruma kama inalalamika, na ile harufu ya vumbi linaloungua mashine ikipata moto. Ya kwetu Baba aliinunua kwa familia ya Kisomali iliyokuwa inahamia Nairobi. Ilikaa kwanza dukani kwake, alikokuwa anauza vipuri vya magari, katika chumba cha nyuma ambacho mimi sikuruhusiwa kuingia eti nitachafuka grisi. Alipoanza kuugua na kushindwa kwenda dukani akaileta nyumbani, akaiweka sebuleni, na Mama akaishonea kitambaa cha kuifunika. Sheria ilikuwa moja tu: kuiwasha ni kazi ya Baba. Mimi, mtoto wao wa pekee, niliitwa ikishakuwa tayari, nikacheza karata na kuandika jina langu kwa rangi zote.

Kisha Baba akafa, na sebule ikawa ya watu wengine. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, akaja kutoka Jinja na sanduku lake la bati kuja kumsimamia. Nasema kumsimamia kwa sababu kukaa naye siyo neno lake. Shangazi alikuwa na sheria tatu. Mwanamume asiye maharimu, asiye ndugu wa damu, asivuke kizingiti. Sauti ya mjane isisikike na wanaume, hata kwa simu. Na kitu chochote cha marehemu kisitoke nje mpaka mirathi igawanywe. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mwalimu mmoja wa dini juu ya sheria hizo, akacheka, akasema nyingine ni za Shangazi yako, siyo za kitabu.

Kulikuwa na jambo moja lililomkosesha Shangazi raha. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatoka, wanaume walituma mtu mlangoni kuuliza kama mjane amemridhia mumewe. Mama alikuwa hajitambui kwa kilio, Shangazi akajibu kwa niaba yake kwamba ndiyo, ameridhia. Lakini radhi ya kujibiwa na wifi haikumtosha hata yeye mwenyewe. Alitaka Mama aseme kwa ulimi wake mbele ya wanawake siku ya khitma ya arobaini, Jumapili, ndugu yake apumzike. Mama alishakubali. Zilibaki siku nane.

Siku hiyo Shangazi alikuwa anaswali adhuhuri, Mama yuko chumbani, nami nimechoshwa na nyumba ya kunong'ona. Nikafunua kitambaa, nikaiwasha kompyuta, nilitaka karata zangu tu. Badala ya kufunguka moja kwa moja kama nilivyoizoea, ikasimama kwenye skrini ya buluu yenye majina mawili. La juu lilikuwa Nyumbani. La chini lilikuwa Zubeda, na pembeni yake picha ya ua la waridi.

Kwetu hakukuwa na Zubeda. Sikuwa na binamu Zubeda, wala jirani, wala mfanyakazi. Nikabonyeza lile jina, ikaniomba neno la siri. Shangazi akatoa salamu ya kumaliza swala, akaja na msala begani, akasoma, akanyamaza. Halafu akanyoosha mkono kuchukua kitambaa ili aifunike, kana kwamba mashine imevuliwa nguo. Mama akauliza kutoka chumbani nimeona nini. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikamsomea kwa sauti.

Hakulia. Nikasogea mlangoni kumtazama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, tasbihi mkononi haisogei. Akamwambia Shangazi kwamba ile radhi ya Jumapili isubiri kwanza. Hatasema neno mpaka ajue Zubeda ni nani.

Loo, siku ile Shangazi alizungumza. Akasema kompyuta ni sanduku la shetani, akasema maiti hasengenywi, akasema mume ambaye mkewe hajamridhia hubanwa huko aliko. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia sentensi yake ile ile. Nami nilikuwa nimekaa katikati yao nimekumbatia magoti, na lile neno la kubanwa likaniingia mwilini.

Chuoni, kwenye madrasa, tulishafundishwa habari za malaika wawili wanaomjia mtu kaburini na maswali yao. Katika akili yangu ya miaka kumi nikaunganisha mambo. Nikamwona Baba amekaa ndani ya sanda yake, ameulizwa Mola wako nani, akajibu. Mtume wako nani, akajibu. Dini yako ipi, akajibu. Kisha mmoja akafunua daftari akamuuliza: na Zubeda ni nani? Hapo Baba akainamisha kichwa. Na malaika hawaondoki, wanangoja jibu, na Baba naye anangoja sisi tulipate huku duniani. Kila siku iliyopita niliiona ni siku nyingine amesimamishwa pale kama mwanafunzi asiye na homework. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani katika nyumba ile?

Basi mtu wa kuhangaika nikawa mimi. Fundi hakuruhusiwa kuingia, kompyuta haikuruhusiwa kutoka, Mama hakuruhusiwa kuongea na fundi kwenye simu, nayo simu Shangazi aliifungia katika sanduku lake la bati, na yeye mwenyewe hakuwa tayari kugusa kitu kile hata kwa kidole. Fundi mwenyewe tulimwita Ssalongo, kama wanavyoitwa Kampala wanaume wote waliozaa mapacha. Kibanda chake kilikuwa mwendo wa dakika kumi, baada ya gereji mbili na duka la matairi, naye amezungukwa na redio zilizopasuliwa matumbo. Alikuwa mtu mwema, na mwema wa aina inayochosha, kwa sababu hakuwa na haraka na jambo lolote.

Safari ya kwanza akanisikiliza, akaniuliza kama pembeni ya mahali pa kuandika neno la siri kuna alama ya kuuliza. Sikujua. Nikarudi mbio. Ipo. Nikaibonyeza, kikatokea kikaratasi cha njano kimeandikwa: jina la mama.

Nikasoma kwa sauti. Jina la mama, la mama yupi? Nikaandika la bibi aliyemzaa Baba. Likakataa. Nikaandika la bibi mzaa mama. Likakataa. Mama akasema kutoka chumbani, taratibu, nijaribu la kwake. Nikaliandika kwa herufi ndogo, likakataa, nikaliandika kwa herufi kubwa, likakataa, nikaliandika na jina la babake, likakataa tena. Kila nilipokosea mashine ilitoa mlio mmoja mfupi, na Mama alikuwa anausikia. Baada ya mlio wa tano akasema inatosha. Nilitamani kuipiga teke.

Safari ya pili Ssalongo akanieleza niingie kwa lile jina la Nyumbani, lisilo na neno la siri, halafu nitafute mahali majina yote yanapotunzwa. Akanitajia njia yenye vituo sita. Nikawa nairudia kichwani kama sura ya kukariri, na nilipofika duka la matairi mwanamume mmoja akaniuliza habari ya Mama, nikamjibu kwa adabu, na nilipomaliza adabu vituo vitatu vilikuwa vimepotea. Nikarudi kwake. Akacheka, akanieleza upya. Nikarudi nyumbani, umeme hakuna. Ulikatika siku mbili nzima, na jenereta la jirani likawa linanguruma kama la kutukejeli.

Umeme uliporudi Shangazi akaanza yake. Kila nilipotaka kutoka alikuwa na kazi: niende nikaoshe masufuria, nikakoroge uji, nikasome juzuu kwanza. Nikitoka lazima nirudi kabla ya alasiri. Nikirudi na jambo jipya, mashine inaonyesha kitu ambacho Ssalongo hakukitaja, na mimi tena barabarani. Nilipigwa danadana mpaka kandambili zangu zikakatika, nikamaliza siku ya sita kwa miguu mitupu juu ya mafuta machafu ya gereji. Siku hizi najiuliza kama zile sheria tatu hakuzitunga mchana ule ule, alipolisoma lile jina na kunyamaza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini wakati ule nilimwona ni mzee msumbufu tu.

Siku ya saba, Jumamosi, nikakaa chini mbele ya kibanda cha Ssalongo nikalia kwa hasira. Nikamwambia simu yake kwa Mama hapana, mguu wake kwetu hapana, kompyuta kuja kwake hapana, na kesho ni arobaini. Akaniangalia, akazima chuma chake cha kulehemu. Akachana ubavu wa boksi la betri, akachukua kalamu, akanichorea skrini zote kwa mpangilio, moja mpaka tano, kila moja na mshale mahali pa kubonyeza. Ya tano ilikuwa na mishale miwili.

"Sikia vizuri, nyabo," akaniambia, akiniita kama mtu mzima. "Hii ya kushoto inaondoa password, unaingia, unaona. Hii ya kulia inafuta hiyo jina. Ukigusa ya kulia, itauliza kama unaweka vitu yake ama unafuta. Wewe sema weka. Ukisema futa, hata mimi hapana weza rudisha. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Nilipofika, Shangazi alikuwa uani anachambua mchele wa kesho na wanawake wengine. Nikaliegemeza boksi kwenye meza, nikafuata mchoro. Moja, mbili, tatu, nne. Nikabonyeza ya kushoto. Neno la siri likaondoka bila kelele, nikarudi kwenye yale majina mawili, nikabonyeza Zubeda, na mashine ikanikaribisha ndani kama vile mwenyewe ni mimi.

Kulikuwa na vitu vichache tu. Karata zile zile ninazocheza mimi. Picha kama kumi, na karatasi moja ya kazi ya shule. Picha zilipigwa katika chumba cha nyuma cha duka, nikayaona mafeni na mikanda ya injini ukutani. Na kwenye kiti cha Baba amekaa msichana wa kama miaka minane, sare ya shule ambayo siijui, kofia ya Baba imemfunika mpaka nyusi, anacheka. Ana mwanya. Mwanya wangu. Ule ambao kila mgeni alikuwa ananishika kidevu na kusema umeuchukua kwa babako. Katika picha moja Baba yuko nyuma yake amemwekea mikono mabegani, naye anacheka kwa namna ambayo kwetu hakuwahi kucheka, mdomo wazi, macho yamefumba.

Ile kazi ya shule ilikuwa ya Kiingereza, juu ya baba yangu. Aliandika kwamba babake ni mpole, kwamba anamfundisha kompyuta, na kwamba anakuja kila Alhamisi. Alhamisi Baba alikuwa anatuaga kwamba ana darasa msikitini.

Wivu wa mtoto una nguvu, acheni wanaosema watoto hawajui kitu. Nilikatazwa chumba kile kwa ajili ya grisi, na mwenzangu amekalishwa kwenye kiti. Nililia kimya, nimeziba mdomo kwa kile kitambaa. Lakini wivu haukuwa peke yake. Nilikuwa bado namwona Baba mbele ya wale malaika na swali lao, na nikajua sasa kwamba jibu lipo, na kwamba Mama akilisikia hatamridhia kesho wala milele. Lisipokuwepo jina, nikawaza, hakuna cha kuulizwa. Nikatoka humo, nikarudi kwenye skrini ya tano, nikabonyeza ya kulia.

Ikauliza kama ilivyotabiriwa. Weka, au futa. Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema mkono uliteleza. Wangu haukuteleza.

Nikanawa uso kwenye ndoo ya jikoni, nikaenda kwa Mama. Nikamwambia imefunguka, na kwamba Zubeda ni binti wa wale Wasomali waliotuuzia, wamesahau jina lao humo ndani. Mama akanitazama. Ilinichukua nguvu zangu zote kutotazama chini.

"Una hakika, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

Akavuta tasbihi yake punje mbili tatu. Kisha akasema, "Haya. Basi nimemridhia." Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele, akashusha pumzi, na hakuniuliza swali hata moja. Alikwenda jikoni akaniletea kipande cha halua. Siku ya pili Mama akarudia maneno yale mbele ya wanawake wote, tukasoma, tukala pilau, nami nikalala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya skrini ya buluu.

Nimekaa na uongo huo mpaka nimeota mvi mbili. Nimewahi kugeuka barabarani Kikuubo kumfuata mwanamke mwenye mwanya, nikapita naye maduka matano kabla sijaona kwamba anaongea lafudhi ya Mbarara na hanihusu. Nimewatafuta akina Zubeda kwenye simu mpaka nikachoka, kwa sababu nina jina moja tu, na sare ya shule ambayo rangi yake sasa sina hakika nayo. Kila kitu kingine nilikuwa nacho mbele ya macho, nikakiangamiza kwa kidole changu mwenyewe.

Siku ile ya ofisini nilishindwa. Nikatoka kazini moja kwa moja mpaka kwa Mama, nyumba ile ile, nikamkuta anamenya matoke. Nikamwambia yote bila kupumzika: picha, mwanya, Alhamisi, mshale wa kulia. Hakuacha kumenya.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ulitoka sebuleni umelia. Binti wa Wasomali angekutoa machozi ya nini?"

Nikamuuliza basi kwa nini alimridhia. Akasema kwa sababu nilikuwa silali, alikuwa ananisikia ukutani nikigeuka mpaka alfajiri. Akasema eda ilipokwisha aliiwasha mashine mwenyewe, akakuta jina moja. Akaenda kwa Ssalongo, akaambiwa maji yakishamwagika hayazoleki. Akamfuata Shangazi mpaka Jinja, Shangazi akaapa hajui kitu, na akaingia kaburini hajui kitu. Akamwuliza jirani wa duka, akaambiwa watoto wanaopita Kisenyi ni wengi.

Hapo hasira zikanipanda, sijui kwa nani. Nikamwambia kama alishamridhia mumewe, na alishajua kwamba amedanganywa, alikuwa anatafuta nini tena mpaka Jinja? Alitaka kujitonesha kidonda?

Mama akaweka kisu chini. Akajifuta utomvu kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, kisha akanitazama kama alivyonitazama siku ile.

"Baba yako nilimridhia angali kitandani," akasema. "Nilimzuilia Shangazi yako lile neno ili mtu afungue kinywa. Ulipotusomea pale, jina la mama, na langu likakataa, nikajua huyo siyo mke. Ni mtoto. Mke mwenzangu angejitafutia habari mjini. Lakini mtoto naye alifiwa, kama wewe. Nani alimwambia?"